Daktari wa Maumivu ni Nani, na Neno "Sugu" Linavyotuchelewesha Kumfikia

Juma lililopita, kwenye benchi la kusubiria dawa katika hospitali moja ya Dar es Salaam, nilimsikia mama mmoja akiambiwa na jirani yake kwamba mgongo unaomsumbua tangu mwaka jana "umeshakuwa sugu", na kwa hiyo lililobaki ni kumtafuta bingwa wa maumivu amchome sindano kali zaidi. Ushauri ule ulitolewa kwa upendo, nami nimeshausikia mara nyingi mno. Una makosa mawili: la kwanza ni neno "sugu" lenyewe, na la pili, lililozaliwa na la kwanza, ni kudhani kwamba kazi ya daktari wa maumivu ni kuongeza ukali wa dawa.

Daktari wa maumivu ni yule aliyesomea udaktari, akabobea katika fani mojawapo, mara nyingi ya usingizi na ganzi, kisha akaongeza mafunzo ya kutibu maumivu yenyewe kama ugonjwa. Maana yake ni hiyo tu. Linalohitaji maelezo marefu ni neno "sugu".

Sugu, neno lililo karibu na kitenzi "kusugua", ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa mahali pamoja: kiganja cha mshika jembe, kidole cha mshona viatu, kisigino cha atembeaye pekupeku. Sifa kubwa ya mahali penye sugu ni kwamba hapasikii tena. Kutokana na hapo tukapata mhalifu sugu, asiyesikia adhabu, na kifua kikuu sugu, ambacho vimelea vyake havisikii dawa. Matumizi yote hayo ni sahihi. Tuliposema "maumivu sugu", hata hivyo, tulibeba maana mbili zisizowafaa wagonjwa: kwamba mwili umekwisha kuyazoea, na kwamba dawa zimeshindwa, hivyo iongezwe nguvu ya dawa.

Ukweli wa kitabibu unakwenda kinyume kabisa cha sugu ya kiganjani. Maumivu yanapodumu, mishipa ya fahamu na uti wa mgongo huweza kuzidi kuwa vyepesi kuhisi badala ya kufa ganzi. Aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi anaweza kulifahamu jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa malengelenge hukauka na ngozi ikapona, lakini kwa baadhi ya watu hata mguso wa kanga mahali pale huendelea kuwa mateso kwa miezi. Hapo hapana kidonda cha kuponya, na dawa ya kutuliza maumivu kama diklofenaki, hata ikiongezwa, haileti nafuu ya maana, ilhali matumizi yake ya muda mrefu yanaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, linapima jambo hili kwa muda: maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Ukali hautajwi, wala ukaidi mbele ya dawa. Maumivu ya muda mrefu yanaweza kuwa ya wastani, na maumivu ya jino lililoanza kuuma usiku wa jana yanaweza kuwa makali kupita kiasi.

Tukilielewa hilo, tutajua pia pa kumtafuta daktari huyu, ambaye nchini kwetu ni nadra kumkuta ana kibao chake barabarani. Vibao vinavyotangaza "bingwa wa maumivu ya mgongo na viungo" vipo vingi, lakini "daktari bingwa" ni cheo cha kusomewa na kusajiliwa, na si sifa ya kujipa. Ni haki ya mgonjwa kuuliza kama anayemtibu yumo katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa ubingwa gani. Mlango wa kuanzia ni idara ya usingizi ya hospitali ya rufaa, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kwamba daktari wa usingizi kazi yake huishia chumba cha upasuaji. Mmarekani John Bonica, aliyeiasisi fani hii, alikuwa daktari wa usingizi. Alihudumia askari majeruhi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwilini mwake mwenyewe alibeba maumivu aliyoyapata katika mieleka ya kulipwa. Ustadi wa kupeleka ganzi kando ya mshipa mmoja wa fahamu ndio uliozifanya fani hizi mbili kuwa ndugu.

Hospitali isiyo na kliniki ya maumivu inaweza kuwa na huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kama ile ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, lakini hiyo humhudumia mwenye ugonjwa unaotishia uhai na familia yake. Mwenye maumivu ya mgongo asishangae akielekezwa kwingine, na aliyepelekwa tiba shufaa asidhani kwamba amekatiwa tamaa.

Basi, kwa yule mama na jirani yake, ningependekeza kwa heshima kwamba watakapokwenda kuomba rufaa waliache neno "sugu" nyumbani. Aseme mgongo ulianza kuuma mwezi gani, maumivu yanashuka mpaka wapi, yanamzuia kazi gani, na dawa zipi amekwisha kuzitumia kwa muda gani. Kisha aulize kama idara ya usingizi ina kliniki ya maumivu, na kama ipo, hufanyika siku gani ya wiki.