Haki jinai si haki za wahalifu

Kinyozi ninayekwenda kwake ametundika televisheni ukuta wa nyuma. Ukishakaa kwenye kiti unaitazama kupitia kioo, maandishi yote yamegeuka, na ndivyo nilivyosoma juzi, kwa shida, herufi moja moja: MABORESHO YA MFUMO WA HAKI JINAI. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri zamu, helmeti magotini, aliisoma upande ulio sawa akawahi kututafsiria sote. "Haki jinai! Wezi nao siku hizi wana haki zao. Na sisi tulioibiwa je?" Benchi zima likaitikia. Kinyozi naye akaitikia, na kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni kwangu nikaona hoja yangu inaweza kusubiri.

Tafsiri hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Imo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, nimeikuta kwa mtangazaji wa redio aliyesema "haki za jinai" kipindi kizima, na harusini nimeletewa na mtu aliyesoma kuliko mimi. Basi ngoja niandike, wembe ukiwa mbali.

Haki jinai, kwa kifupi, ni kazi nzima ya kutenda haki penye kosa la jinai: tangu tukio linaporipotiwa, kupitia upelelezi, ukamataji, mashtaka, usikilizaji wa kesi na hukumu, hadi kifungo na mfungwa kurudi uraiani. Wanaoifanya ni Polisi, TAKUKURU inayopambana na rushwa, wanaopambana na dawa za kulevya, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Mahakama, Magereza. Mfumo wa haki jinai ni vyombo hivyo pamoja na sheria zinazoviendesha. Maana imeishia hapo. Kinachobaki ni ugomvi wangu na neno "haki".

Tulilipokea kutoka Kiarabu, haqq, na kwa wenyewe hubeba ukweli, jambo lililo thabiti, na kile ambacho mtu anastahili. Ndugu zake tunao wengi: hakika, uhakika, hakiki, stahiki. Ukimwambia mtoto ahakikishe mlango umefungwa, unatumia mzizi uleule wa haki ya kupiga kura. Methali imeitunza maana hiyo vizuri: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki hapo ni stahili ya mtu, kitu ambacho unaweza kumkabidhi kikawa chake.

Waarabu wana neno jingine, adl, la kuwapima watu wote kwa mizani moja. Mfumo tunaouzungumzia wao huuita adala jinaiya. Haqq hawaiweki hapo. Sisi adl tuliichukua pia, lakini tukaipeleka kwenye tabia: adili, uadilifu, maadili. Mwadilifu kwetu ni mtu mwema, hata kama hajawahi kuamua kesi ya mtu. Nafasi ya adl mahakamani ikabaki wazi, na haki, ambayo tayari ilikuwa na mzigo wake, ikatwishwa wa pili. Tangu hapo neno moja linafanya kazi mbili kwa mshahara uleule.

Lakini sarufi haikutuacha gizani. Haki ya maana ya stahili huhesabika: haki moja, haki tatu, haki zangu zimevunjwa, haki za watoto, haki za wafungwa. Haki ya mizani haina wingi: haki imetendeka, haki haijatendeka, tunatafuta haki. Sijawahi kumsikia mtu akitoka mahakamani akasema "haki zimetendeka", na nikimsikia nitamfuata hadi kituo cha daladala.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inazitumia zote mbili na wala haizichanganyi. Sehemu ya haki na wajibu muhimu, iliyoingizwa mwaka 1984, ni orodha: haki ya kuishi, haki ya kufanya kazi, haki ya kumiliki mali. Kisha ukifika ibara ya 107A unaambiwa Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Hakuna msomaji anayeelewa hapo kwamba majaji wanagawa haki ya kuishi kama sukari ya mgawo. Anaelewa mizani. Haki ya kwenye haki jinai ni hiyohiyo ya 107A.

Jinai nayo ina hadithi yake. Jinaya ya Kiarabu inatokana na mzizi wa kuchuma tunda, kana kwamba mtenda kosa amejichumia mwenyewe. Picha hiyo naipenda, ingawa haisaidii hoja yangu hata kidogo. Kinachoisaidia ni kwamba jinai ni jina la kosa. Mtenda kosa anaitwa mhalifu. Anayetaka kuzungumzia haki za wahalifu ana maneno matatu tayari, na hakuna aliyemkataza kuyatumia.

Na tazama kiungo kilivyokosekana katikati. Ukisema "haki za" unamtaja mwenye mali. Ukiweka majina mawili bega kwa bega, la pili linaonyesha aina ya la kwanza: askari kanzu, bata mzinga, isimu jamii. Askari kanzu si mali ya kanzu. Yule mtangazaji alipochomeka "za" alidhani anasafisha Kiswahili, kumbe amebadilisha habari.

Nikiwa hapohapo niutoe na mwiba mwingine. Hakimu hakuzaliwa na haki. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ukoo mmoja. Haki, hakika na stahiki ni ukoo mwingine. Kwa Kiarabu koo hizo mbili zinatofautiana hata kwa herufi, moja ina kaf ya kawaida, nyingine ina qaf ya nyuma kabisa ya koo. Kiswahili kiliziandika zote kwa k moja, watu wakadhani ni ndugu. Wakili mmoja aliwahi kuniambia kwa fahari kwamba hakimu maana yake ni mtu wa haki. Nilimwachia, maana ni matumaini mazuri.

Haya yangeweza kubaki mabishano ya kijiweni. Lakini mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo mahakama za mwanzo zilikuwa zikiendesha kesi kwa Kiswahili, huku kumbukumbu za ngazi za juu zikiandikwa kwa Kiingereza hata pale shahidi, mshtakiwa na hakimu wote walipozungumza Kiswahili. Sasa neno la kijiweni na neno la mahakamani ni lilelile.

Halafu Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaunda tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi ripoti Julai mwaka huohuo. Neno lililokuwa la wanasheria likaingia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na huko ndiko lilikopatwa na ajali. Aliyesikia "haki za wahalifu" alizima sauti. Angesikiliza jina lote la tume angekuta neno "taasisi" limekaa katikati.

Chukua marekebisho ya mwaka 2022 kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yaliyozuia mtu kufunguliwa mashtaka kabla upelelezi haujakamilika, makosa makubwa yakiachwa nje. Aliyewahi kukaa asubuhi kwenye mahakama ya wilaya anaujua ule wimbo: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Wapo wanaoona kifungu kile kimemhurumia mtuhumiwa. Ni kweli kinamhusu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, na mahabusu bado si mfungwa, hata kama wamelala gereza moja. Lakini aliyeibiwa naye alikuwa akipanda daladala kila baada ya wiki mbili kwenda kusikiliza wimbo huohuo, akirudi na nauli imekwisha.

Au mwaka 2018, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilipoanzishwa kuwa ofisi inayojitegemea. Aliyekamata na kupeleleza asiwe ndiye anayeamua kushtaki: hilo ni jambo la muundo, halina upande. Linamlinda aliyebambikiwa kesi, na linamlinda pia mlalamikaji ambaye kesi yake ingeletwa mahakamani ikiwa mbichi, ikafutwa.

Sisemi kwamba haki za mtu hazimo humo. Zimo, tena ndizo zinazogombewa zaidi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa kinapingana na Katiba. Haukuisha mwaka, Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Lililobishaniwa pale ni haki ya mshtakiwa mmoja mmoja kuwa huru wakati kesi inaendelea, na aliyebishania alikuwa akibishana ndani ya mfumo wa haki jinai. Ni haki ndani ya haki. Sentensi hiyo ikikukwama kooni, umeshaona ni kwa nini nimekuchosha na aya zote hizi.

Wembe ulipotoka shingoni nikahamia benchi, nikakaa pembeni ya yule kijana. Nikamuuliza aliibiwa nini. Pikipiki. Iliibwa nje ya duka la dawa, ikapatikana baada ya siku nne, mtu akakamatwa. Habari nzuri, nikasema. Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kufika kituo cha polisi.

"Imepatikana, braza, ila sijaipata. Ni kielelezo cha kesi. Ipo palepale uani kituoni tangu kabla ya masika. Siti imepasuka, mnyororo umeota kutu, juzi nimekuta kuku wamelala kwenye tenki. Mimi naendesha ya mtu, kila jioni napeleka hesabu."

Na kesi?

"Mara shahidi hajafika, mara hakimu ana udhuru. Tarehe ya tano hii."

Nikamwambia mahakama ina uwezo wa kuamuru mali irudishwe kwa mwenyewe, amuulize mwendesha mashtaka atakapokwenda tarehe ijayo. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akatoa simu akaandika, akaniuliza neno "kurejeshewa" linaandikwaje.

"Basi mdogo wangu," nikasema, "hiyo pikipiki yako na wale kuku ndiyo haki jinai waliyokuwa wanaizungumzia pale."

Akageuka kuitazama televisheni, ambayo ilishahamia kwenye mpira.

"Sasa si wangesema hivyo."