"Msihukumu" si amri ya kunyamaza

Mweka hazina wa chama cha akiba hapa Kampala akiulizwa zilipo fedha za wanachama, watetezi wake huwahi kusema kwamba Yesu alikataza kuhukumu (Mathayo 7:1). Andiko halifundishi hivyo. Aya ya 5 ya sura hiyohiyo inamtaka mtu aondoe kwanza boriti katika jicho lake, ndipo akitoe kibanzi katika jicho la ndugu yake. Kinachokemewa ni unafiki, wala si kuonya. Tena Mathayo 18:15 inaagiza aliyekosa aonywe kwanza faraghani, hatua ambayo, kwa masikitiko, wengi wetu huiruka tukakimbilia uvumi. Wachuuzi na wajane waliojinyima ili kuweka akiba wana haki ya kufunguliwa daftari la hesabu.