Lenzi za Kazi ya Harusi: Kagua Ukumbi Kabla ya Duka

Vijana wanaoanza kupiga picha za harusi hapa Dar es Salaam huniuliza, "Kaka, ninunue lenzi gani?" Jibu langu huwakera kidogo, maana nawarudishia swali: unapiga wapi, saa ngapi, na unasimama umbali gani na maharusi? Asiyejua hayo anaweza kununua lenzi ya mamilioni ikaishia kulala kwenye begi.

Majibu unayo tayari kwenye kompyuta yako. Kila picha hubeba ndani yake urefu wa lenzi uliotumika (focal length, kwa milimita), ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) na ISO (kiasi ambacho kamera inauongeza mwanga huo). Fungua kazi zako za karibuni kwenye Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, uzichuje kwa urefu wa lenzi. Kama zumu yako ya mm 18-55 muda wote iko kwenye 18, yaani upana wake wa mwisho, unabanwa na nafasi. Kama iko kwenye 55 na bado unakatakata pembeni wakati wa kuhariri, unahitaji lenzi ndefu. Na kama ISO imeganda kwenye 6400 na sura za watu zimejaa chenga (vidoadoa), unachokosa ni mwanga.

Hapo kwenye mwanga nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Namba ya f hupatikana kwa kugawa urefu wa lenzi kwa upana wa tundu lake, hivyo namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya mm 200 yenye f/2.8 lazima iwe na tundu la kama mm 71, ndiyo maana 70-200 f/2.8 ni nzito na bei yake inatisha, msimlaumu muuzaji. Zumu ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi 55, huishia f/5.6. Ukitoka hapo kwenda f/2.8 unapata mwanga mara nne, na ukifika f/1.8 unakaribia mara kumi. Kwa hiyo picha iliyodai ISO 6400 inashuka hadi 1600, au hadi kama 640, bila kugusa kasi ya shata. Kwenye sendofu yenye taa za zambarau na MC asiyetulia, tofauti hiyo ndiyo inayomfanya bibi harusi aagize albamu kubwa.

Lakini tundu wazi lina adabu zake. Picha ya ukoo, safu tatu na watoto wamekaa chini, ukiipiga kwa f/1.8 utapata mashangazi wa mbele wanang'aa na wajomba wa nyuma hawatambuliki. Hapo rudi f/5.6 na uwashe flashi.

Lenzi ya kwanza kuongeza kwa wengi ni 50 f/1.8, kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni ya chini kuliko nyingine nyingi. Ila angalia sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya fremu kamili ni mm 36 kwa 24. Kamera za sensa ndogo, iitwayo APS-C, hubana picha: kwa Nikon na Sony zidisha kwa 1.5, kwa Canon 1.6, hivyo 50 yako inaona kama 75 au 80. Kwa sura ya bwana harusi ni tamu sana. Kwa akdi inayofungwa sebuleni, watu wamejaa mkekani, utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado shehe hayumo kwenye fremu. Mwenye sensa ndogo atafute 17-50 f/2.8. Mwenye fremu kamili, wengi watamwambia 24-70 f/2.8, nami sibishi, ingawa kwangu 35 na 85 kwenye kamera mbili hufanya kazi nzuri zaidi. Hiyo 70-200 kodisha kwa siku za kanisani, pale unapokatazwa kusogelea madhabahu, mpaka kazi zenyewe ziweze kuilipia.

Kwa wanaonunua lenzi zilizotumika: Canon na Nikon zote zilianza maunti mpya (sehemu ya kufungia lenzi) za kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) mwaka 2018, RF na Z, hivyo lenzi za zamani zimejaa sokoni. Lenzi za EF, zile za maunti ya zamani ya Canon, zina mota ya fokasi ndani yake, na kwa adapta ya Canon zinafokasi vizuri kwenye RF. Nikon ina mtego: lenzi zake za zamani za AF-D hutegemea mota ya kamera, na adapta ya FTZ, inayozifunga kwenye kamera za Z, haina mota, kama zisivyo nayo kamera za D3000 na D5000 na ndugu zake. Ile 85 f/1.8D ya bei ya kutupa utaizungusha fokasi kwa mkono. Halafu, kwa lenzi yoyote iliyotumika, mulika tochi ndani ya kioo chake. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni fangasi, iache hapohapo.

Fangasi ndiye adui wa sisi wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Weka vifaa kwenye boksi la plastiki linalofunga sawasawa, lenye silika jeli (vipakiti vya kunyonya unyevu) na kipimo cha unyevu, kisomeke kati ya asilimia 40 na 50. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha begi limefungwa hadi vifaa vipate joto, la sivyo kioo kinatoka jasho.

Flashi: ukiingia ukumbini tazama dari kwanza. Ukielekeza flashi juu, vitambaa vyeupe vitakurudishia mwanga laini. Vyekundu au vya bluu vitawapaka wageni rangi yake, basi weka flashi kwenye stendi yenye mwavuli na uiwashe kwa triga, kile kifaa cha kuiamuru kutoka mbali. Wa video ya fremu 25 kwa sekunde watahitaji ND64, kichujio kinachopunguza mwanga mara 64, wakitaka f/2.8 na shata ya 1/50 chini ya jua la mchana kwa ISO 100.

Kadi za kumbukumbu zenye alama ya V30 huhakikisha kasi ya kuandika isiyopungua MB 30 kwa sekunde, na kamera yenye nafasi mbili za kadi iandike kote kuwili. Kadi feki zipo nyingi, na kifungashio hakikuambii kitu. Ijaze kadi yote kwa programu ya H2testw au F3, zinazopima kama ujazo wake ni wa kweli, siku hiyohiyo uliyoinunua, ukiwa bado na risiti mfukoni.