Chifu wa manowari: mwalimu wa walio chini yake na wa mkubwa wake

Kila ikifika Septemba simu yangu hujaa picha. Jamaa zetu walioko Norfolk na San Diego wananitumia kijana wao kavaa kaki, nanga ya dhahabu kwenye kola, na swali huwa lile lile: "Mjomba, sasa huyu amekuwa nani?" Nimetumika kwenye vyumba vya injini vya Jeshi la Wanamaji la Marekani mpaka nikastaafu, na hadi leo riziki yangu ni mitambo ya meli, kwa hiyo jibu ninalo. Amekuwa chifu, yaani baharia mwandamizi asiye afisa. Si yule wa lokesheni anayeitisha baraza, huyu ni wa manowari. Na mshahara usiwadanganye, maana nyongeza yenyewe si kubwa hivyo. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia siku hiyo makosa ya wengine ni yake.

Historia nitaipitia haraka. Cheo kilianza tarehe 1 Aprili 1893. Loretta Walsh alikula kiapo Machi 1917, akaingia moja kwa moja kama chifu wa makarani, wakati katiba ya Marekani ilikuwa bado haijawapa wanawake haki ya kupiga kura. Mwaka 1958 viliongezwa vyeo viwili juu ya kile cha chifu, chifu mwandamizi na chifu mkuu. Mwaka 1967 Delbert Black akawa wa kwanza kupewa kazi ya kuwasemea mabaharia wote wasio maafisa mbele ya wakuu wa jeshi lenyewe. Leo kuna manowari yenye jina lake.

Ninachotaka kueleza hasa ni jambo ambalo mgeni halioni: chifu humfundisha mkubwa wake.

Mabaharia wa manowari hugawanywa kwa divisheni, na kila divisheni ina afisa wake. Mara nyingi huyo ni kijana aliyetoka Annapolis, chuo cha maafisa wa wanamaji, au chuo kikuu juzijuzi, ana miaka 22 au 23. Kisheria yeye ndiye mkubwa. Saini ni yake na lawama ni yake. Chini yake yuko chifu mwenye miaka kumi na tano au zaidi jeshini, anayeijua injini kwa sauti. Chifu humpigia saluti kijana huyo, humwita "sir", na papo hapo humlea. Ni kazi ngumu kweli. Akimwachia sana, mtu ataumia. Akimkosoa mbele ya watu, afisa atapoteza heshima na divisheni itavurugika.

Chukua kazi ya kawaida kabisa: pampu ya mafuta inavuja, inabidi ifunguliwe. Kabla mtu hajashika spana, kila vali na kila swichi inayopeleka mafuta au umeme kwenye pampu hiyo hufungwa na kutundikwa kibandiko chekundu, maana yake asiguse mtu. Baharia mmoja anatundika, mwingine anakagua peke yake. Niliwahi kumwona chifu akiletewa karatasi za kazi kama hiyo, na afisa mpya tayari kalamu mkononi. Chifu hakumwambia asisaini. Alisema tu, "Sir, twende tukatazame wote, macho yangu siku hizi hayaaminiki." Wakashuka ngazi, wakainama chini ya vyuma vya sakafu, mimi nyuma yao na tochi. Chifu akashika kibandiko, akasoma namba kwa sauti, kisha akanyamaza huku afisa akiitafuta kwenye mchoro. Kibandiko kilikuwa kwenye vali ya jirani. Afisa ndiye aliyegundua, au ndivyo alivyoachwa aamini. Waliokitundika na kukikagua hawakugombezwa pale. Waliitwa baadaye, pembeni, na kwa siku kadhaa walikuwa wakifuatilia mabomba ya mafuta hatua kwa hatua na kuyachora kwa mkono mpaka chifu aliporidhika. Macho yake, kwa taarifa yenu, yalikuwa mazima kabisa.

Afisa wa namna ile ndiye baadaye hukabidhiwa meli nzima. Ndiyo maana manahodha wengi, wakipewa nafasi ya kushukuru, hawachelewi kumtaja chifu wao wa kwanza.

Upande wa chini nao una mambo yake, na mengi hayahusu injini. Baharia wa miaka 19 anauziwa gari bovu kwa riba ya kutisha hapo hapo nje ya geti la kambi. Chifu ndiye anayekwenda naye kwa muuzaji kuusoma mkataba upya. Mwingine mkewe anajifungua naye yuko katikati ya bahari, na chifu ndiye anayepigania aunganishwe simu. Hakuna medali ya kazi hizo.

Medali zipo kwa mengine. Peter Tomich alizaliwa Prolog, Herzegovina ya enzi za Austria-Hungaria, akahamia Marekani mwaka 1913. Tarehe 7 Desemba 1941 alikuwa chifu wa boila kwenye meli USS Utah, Pearl Harbor, Hawaii, siku Wajapani waliposhambulia. Meli ilipopigwa na kuanza kupinduka, alibaki chini mpaka akahakikisha boila zimezimwa na vijana wake wote wametoka. Yeye hakutoka. Alitunukiwa Medali ya Heshima, lakini ndugu wa kuipokea hakupatikana kwa miongo mingi, hadi mwaka 2006 ilipokabidhiwa kwa familia yake huko Split, Kroatia. Chuo cha mabaharia waandamizi kule Newport kinafundishia kwenye jengo lenye jina lake. Kila nikisoma habari yake naona kazi ile ile ya kawaida ya chifu, kuhesabu watu na kuzima mtambo, ila siku hiyo meli ilikuwa inazama.

Enzi zangu kukipata cheo cha chifu hakukuwa mtihani peke yake. Mtihani ulifungua mlango, halafu bodi ya uteuzi ilisoma kumbukumbu za utumishi wako. Wakishakuteua, machifu wenyewe hukuchukua kwa wiki kadhaa za mafunzo kabla ya kuvishwa nanga. Zamani humo mlikuwa na udhalilishaji mwingi, na wazee wengine bado wanausifu. Mimi siusifu. Hakuna alichojifunza mtu kwa kumwagiwa makombo ya chakula.

Mkialikwa kwenye sherehe ya chifu anayestaafu, fikeni mapema. Mtaona mabaharia wakijipanga mistari miwili, na waliomo ndio aliowalea, wengine tayari ni maafisa au machifu. Watasoma maneno ya kumpokea zamu, kisha atapita katikati yao huku filimbi ya serahangi ikilia. Mama mmoja wa Mombasa aliwahi kuniuliza kama vigelegele vinaruhusiwa. Vinaruhusiwa, lakini ngojeni filimbi ikome. Saluti inainuka na kushuka kwa filimbi hiyo, na msipoiacha isikike mtawachanganya.