Klabu za shule hazifelishi mtoto

Huku Moshi bado unaskia wazazi wanasema mtoto akijiunga na klabu atafeli fom foo, na mimi naelewa wanapotokea, manake ada ni hela na mtihani wa fom foo wa NECTA, baraza la mitihani, ni mmoja. Ila hii imani haina mashiko.

Angalia klabu ya debate, yaani mdahalo. Mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili miaka yote, akiingia fom wani ghafla fizikia, baiolojia, jografia, vyote Kingereza, na darasani wako wengi hapati hata nafasi ya kufungua mdomo. Sasa ijumaa mchana kabinti ka fom two kanasimama mbele na kikaratasi kinatetemeka mkononi, kanatetea hoja dakika tatu kwa lugha ileile ya mtihani, kanakosea, wenzake wanapiga makofi, kanaendelea. Hilo nalo ni somo jamani, tena zito!

Klabu ya Malihai nayo, wanafunzi wanapanda miti na kujifunza wanyamapori, baiolojia tupu hiyo. Roots & Shoots, klabu za mazingira za Jane Goodall yule mtafiti wa sokwe, ilianzia hapahapa Tanzania, 1991, na wanafunzi 12 wa sekondari.

Kilichofanya watu waamini vile ni kwamba mtoto akifeli na alikua klabu, klabu inabeba lawama, akifeli ambae hakua popote hakuna anaeuliza. Ukweli klabu tano kwa mpigo zinachosha, hapo mzazi yuko sahihi, lakini moja au mbili baada ya vipindi, mwache mtoto aende.