Je, wajua kwa nini bibi, mama na binti wa Kivietinamu huweza kuwa na majina matatu tofauti ya ukoo?

Chukua mfano wa familia iliyokimbilia Westminster, California, baada ya Saigon kuanguka tarehe 30 Aprili 1975. Bibi ni Trần Thị Lan, binti yake ni Nguyễn Thị Hồng, na mjukuu aliyezaliwa hukohuko ni Jennifer Mai Le. Karani wa hospitali akiona karatasi zao kwa pamoja hudhani hawana hata undugu.

Hakuna aliyeachika wala aliyeasiliwa. Kwa Kivietinamu jina la ukoo hutangulia, na mtoto hulirithi kwa baba. Mwanamke akiolewa halibadilishi, hufa nalo. Lan ni wa ukoo wa Trần, akaolewa kwa akina Nguyễn, akamzaa Hồng. Hồng naye akaolewa kwa akina Lê, akamzaa Jennifer, ambaye jina lake limepangwa Kimarekani, ukoo mwisho.

Thị ya katikati huonyesha kwamba mwenye jina ni mwanamke, kama “binti” katika Fatuma binti Salim, ila haifuatwi na jina la baba. Vijana wengi wameiacha, wanaiona ya kizamani.

Mkanganyiko wenyewe huanzia kwenye fomu za Marekani. Kwa Kivietinamu jina la kumwitia mtu ndilo linalokaa mwisho, kwa hiyo Wavietinamu wenzake humwita Bibi Lan, si Bibi Trần; kwa Wamarekani mwisho hukaa ukoo. Karani mmoja akaona Lan iko mwisho, akaiandika kuwa ukoo. Wa pili akapanga Lan Thi Tran. Wa tatu akambandika ukoo wa mumewe. Mgonjwa mmoja, faili tatu. Dawa yake ni kufuata kitambulisho kimoja kila mahali, na Thi ikae kwenye nafasi ya jina la kati, isiunganishwe na Lan.

Alama za juu na chini ya herufi nazo hudondoka njiani, na si mapambo. Kusini mwa Vietnam má ni mama. Ma ni mzimu, mả ni kaburi, mạ ni miche ya mpunga. Mashine isiyo na alama huandika zote “ma”.

Na mbona mjukuu hakuitwa Lan? Wakikuyu humpa mtoto wa kike jina la bibi yake kwa heshima. Kwa Wavietinamu heshima ni kutolirudia: ukimgombeza mtoto, utakuwa unalikemea jina la mzee.