Je, wajua kwa nini pikipiki ya kupanda mawe hupunguzwa uzito kila mahali, kisha injini yake ikaongezewa chuma?

Mtu anayeijenga upya BSA Bantam, pikipiki ndogo ya zamani ya Uingereza, kwa ajili ya trayali, yaani mchezo huo wa kupanda mawe, huanza kwa kutupa. Madigadi za chuma zinatoka, zinaingia za alumini au plastiki. Taa zinatoka. Kiti kinabaki kipande tu, rimu zinabadilishwa ziwe za aloi, hata bolti ndefu zinakatwa ncha. Kisha fundi huyohuyo anachukua pete nzito ya chuma na kuifunga ubavuni mwa injini. Mbona?

Trayali si mbio. Ni mchezo uliokulia Uingereza, ambapo mpanda pikipiki hupita vipande vifupi vya njia vyenye mawe, mizizi na maji, mara nyingi kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kinachohesabiwa ni makosa. Mguu ukigusa chini mara moja, alama 1. Pikipiki ikisimama au ikianguka, alama 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Kwa hiyo injini inatakiwa izunguke polepole kabisa bila kuzima, halafu ipande jiwe bila tairi la nyuma kuteleza.

Bantam haikuundwa kwa kazi hiyo. Ilitoka mwaka 1948 ikiwa na injini ya sisi (cc) 125, pikipiki ya bei nafuu ya kwendea kazini, na Posta ya Uingereza iliipaka rangi nyekundu ikaitumia kusambazia telegramu. Hata mchoro wake haukuwa wa Waingereza. Ulikuwa wa DKW RT 125 ya Ujerumani, uliochukuliwa kama fidia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. BSA waliugeuza, kushoto kukawa kulia, ili gia ikae kwenye mguu wa kulia kama wateja wao walivyozoea. (Yamaha nao, ambao mashine zao za boti tunazijua sana pwani, waliifuata DKW hiyohiyo walipotengeneza pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955. Ukoo mkubwa huo.)

Injini yenyewe ni tu-stroki, yaani ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili ndani ya petroli. Pistoni ikipanda, inabana mchanganyiko uliopo juu na papo hapo inafyonza mwingine chini, kwenye chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikishuka, inausukuma ule wa chini upande juu na kuufukuza moshi. Mzunguko ukiwa wa kasi, kazi hiyo inakwenda vizuri. Ukiwa wa polepole, moshi haufukuzwi wote. Petroli mpya inachanganyika na moshi wa zamani, plagi inatoa cheche, na hakuna kinachowaka. Huenda mzunguko unaofuata ukawaka, huenda ukawa wa tatu. Ukiisikiliza Bantam ikiwa sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kuvutwa mafuta, utasikia hizo nafasi tupu: teng, kimya, teng-teng, kimya.

Katika ule ukimya, kinachoizungusha krenki ni flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye mhimili wake. Mshonaji anaifahamu habari hii bila kufundishwa: gurudumu la chini la cherehani huendelea kuzunguka mguu ukiwa umepumzika. Tatizo ni kwamba akiba hiyo hupungua upesi sana kasi inapopungua. Injini ikitoka mizunguko 1,200 kwa dakika ikashuka hadi 600, kasi imekuwa nusu lakini akiba imebaki robo. Yaani injini ndogo inaishiwa nguvu hasa pale inapozihitaji, mbele ya jiwe. Ndiyo sababu Waingereza kwa miaka mingi walipenda mashine kubwa za mipigo minne kama Ariel ya sisi (cc) 500. Kisha mpanda trayali Sammy Miller aliiacha Ariel yake, na mwaka 1965 akashinda mashindano ya siku sita ya Scotland kwa Bultaco ya tu-stroki kutoka Hispania, na mjadala ukageuka.

Basi chuma kinaongezwa, lakini mahali pake ni pa kuchagua. Uzito uleule ukiwekwa mbali mara mbili na kitovu, uwezo wake wa kutunza mwendo unakuwa mara nne, ndiyo maana fundi hutumia pete pana badala ya kipande kinene karibu na mhimili. Na haiwekwi ndani ya chumba cha krenki. Kule ndani mchanganyiko unatakiwa ubanwe kabla ya kupanda juu, na nafasi imepimwa. Kwa hiyo pete hukaa nje, upande wa mtambo wa umeme. Wanaong'oa magineto ya zamani, mtambo mzito wa kuzalisha umeme wa cheche, na kufunga mfumo mdogo wa elektroniki huihitaji zaidi, kwa sababu wamepunguza uzito uliokuwepo bila kukusudia.

Wengi, kwa maoni yangu, hukimbilia pete kabla ya kutazama sili za krenki, zile pete laini zinazoziba pale mhimili unapotokea nje, na hapo wanaficha ugonjwa. Kwenye tu-stroki sili hizo ni sehemu ya upumuaji wa injini. Ile ya upande wa umeme ikikauka, hewa ya ziada inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, sailensa inapanda yenyewe na kukataa kutulia hata uchezee kabureta vipi. Ile ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya gia: moshi unazidi, kiwango cha oili kinashuka, na chini hakuna hata tone. Kubadilisha sili mara nyingi ni kuipasua injini nzima katikati, basi hapohapo angalia beringi na ulegevu wa konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Krenki ya Bantam imeunganishwa kwa kushindiliwa. Ukiitenganisha, inahitaji presi na mtu mwenye saa ya kupimia ili ikae sawa tena.

Baada ya hapo ndipo useme habari ya uzito. Pete ikizidi, mashine inakuwa nzito wa kuitika: unavuta mafuta mbele ya ngazi ya mwamba na injini inafikiria kwanza. Ukifunga mafuta ghafla kwenye mteremko, inaendelea kusukuma, na kidole kinalazimika kuishi kwenye klachi. Tena pete hiyo inaning'inia nje ya beringi. Kama haijasawazishwa, au kiti chake kwenye ncha ya mhimili hakikusagwa vizuri kikashika pande zote, ile funguo ndogo ya chuma inayoishikilia hukatika, cheche inahama mahali pake, na injini inazima katikati ya mlima huku kabureta na plagi vikiwa vizima kabisa.